Ubavu wa Kubakiza

Nani alianza? Usiniulize mimi. Waulize ng'ombe walioingia kwenye mahindi, au uyaulize mahindi yaliyopandwa hadi katikati ya njia ya ng'ombe. Wafugaji watakuambia malka, ile njia ya kuteremshia mifugo mtoni, waliirithi kwa babu zao. Wakulima watakuambia shamba lile ni jasho lao. Wote wanasema kweli, na ndiyo sababu watu walikufa. Laiti upande mmoja ungekuwa wa waongo, ungeona haya na mambo yangekwisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kiangazi kile kirefu kilichoukondesha Mto Tana mpaka viboko wakakosa pa kujificha. Kwenye malka iliyo chini ya Garsen, asubuhi kweupe, ng'ombe walivunja ua wa miba wakaingia shambani kwa Tsuma, Mgiriama aliyehamia huko kutoka kusini na mkewe na jembe lake. Tsuma alitoka na panga akamkata ng'ombe mguu. Jarso, kijana wa Kiorma mwenye ng'ombe wale, akampiga Tsuma fimbo ya kichwa. Tsuma akageuka na panga lile lile akamkata Jarso shingoni. Jarso akaanguka majini, na ng'ombe waliokuwa wakinywa hawakuinua hata vichwa.

Baada ya hapo hakuna aliyejua anapigana na nani. Hawa walitoka vichakani na mikuki, wale wakatoka migombani na mapanga na mipini ya majembe. Molu, kaka yake Jarso, alimfikia Tsuma akamchoma mkuki wa paja, ncha ikatokea upande wa pili. Alipokuwa akiuchomoa ili amalize kazi, mpini wa jembe ulimpata ubavuni. Akaanguka. Akapigwa pale pale chini, akapigwa tena, hata waliokuwa karibu wakasikia mifupa ikivunjika. Walioona wanasema Molu hakutoa sauti.

Basi wote wawili waliletwa dispensari ya Garsen, Tsuma amebebwa juu ya kitanda cha kamba, Molu amelazwa mgongoni mwa punda. Wakawekwa chumba kimoja kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa hicho hicho. Fahali wawili hawakai zizi moja, wahenga wamesema, lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu fahali waliovunjika. Hao hukaa.

Aliyewapokea ni Daktari Kadenge, kijana wa Golbanti, mtoto wa wakulima wa misheni, aliyesoma mpaka Uganda akarudi na udaktari wake mpya mpya. Alikuwa Garsen kujifunza kazi moja tu, kutuliza maumivu. Siku hizo kazi hiyo watu waliicheka. Madaktari walishona, walikata, walifunga bendeji, na mgonjwa akipiga kelele aliambiwa avumilie, yeye si mtoto. Lakini Daktari Swaleh, mzee wa Kipini aliyewatibu askari kwenye vita vya Burma, alisema maumivu nayo ni ugonjwa, yana elimu yake, na madaktari vijana walikuwa wakitumwa kwake mmoja mmoja waisome elimu hiyo. Wa kujifunzia hawakukosekana. Mamba yupo, kiboko yupo, na binadamu yupo, ambaye ni mbaya kuwapita wote wawili.

Kadenge alikuwa na lake moyoni. Baba yake aling'atwa na kiboko akivuka mto kwa mtumbwi, akalala ndani akilia mpaka sauti ikamwishia, halafu akafa na mdomo wazi. Kadenge alikuwa mdogo, chumba cha pili, na aliyasikia yote. Tangu siku hiyo aliyachukia maumivu kama mtu anavyomchukia aliyemwulia baba. Alipojua kuwa iko sindano ya kuyanyamazisha, alijiona amepata silaha.

Mzee Swaleh aliiona chuki hiyo mapema, wala haikumpendeza. Siku ya kwanza ya mafunzo alimchoma Kadenge sindano ya ganzi mkononi, kiganja kizima kikafa. Kisha akasema, "Haya mwanangu, kaa tunywe chai." Wakanywa, wakaongea habari za Uganda, mzee akicheka sana kuliko kawaida yake. Kadenge aliposikia harufu ya ngozi inayoungua aligeuka kutafuta inatoka wapi. Ilitoka kwake. Kiganja chake kilikuwa kimelalia birika la moto.

"Umesikia kitu?" mzee akamwuliza.

"Sikusikia."

"Basi hiyo ndiyo dawa uliyokuja kuwapa watu. Ijue."

Malengelenge yalipoanza kuuma, mzee hakumpa dawa yoyote. Alimpa kanuni. "Maumivu ni mbwa wa boma," alisema. "Akibweka mno watu hawalali, kwa hivyo mfunge. Lakini usimwue. Fisi akija, nani atakuambia?" Kila mgonjwa abakiziwe kidogo, hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Mwenye mbavu zilizovunjika alizimiwa mishipa ya fahamu ya mbavu za juu, apate kuvuta pumzi na kukohoa. Ubavu wa chini uliachwa ulie. Akitaka kuinuka ovyo, ubavu huo unamkalisha. Kadenge aliitikia vizuri, ndiyo mzee, naam mzee. Moyoni alimwona mzee katili.

Siku ile ya vita mzee Swaleh aliwapima majeruhi wote wawili kwa mikono yake. Tsuma, paja limetobolewa lakini mfupa mzima. Molu, mbavu nne za kushoto zimevunjika, na ule wa chini ncha yake imegeukia ndani. Nje, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubali neno moja la mzee, kwa sababu hakuna nyumba pale ambayo hakuwahi kuingia kutibu: aliyebebwa akaingizwa chini ya paa hili si mfugaji wala si mkulima, mpaka atoke kwa miguu yake. Silaha zikarundikwa barazani, mikuki na mapanga pamoja.

Lakini kule malka bado watu walikuwa wakivuja damu mchangani, na vijana wa pande zote walikuwa wakiitana. Askari wa serikali walikuwa mbali, upande wa Hola. Mzee akachukua mkoba wake.

"Molu mzimie mbavu tatu," alimwambia Kadenge. "Wa chini mwachie. Umenielewa? Na hawa watoke humu wote wawili wazima. Akifa mmoja kwa mkono wa mwenzake chini ya paa hili, neno langu limekwisha, na mto mzima utawaka toka hapa mpaka Chara. Hiyo ndiyo kazi yako ya leo, nyingine huna."

"Ndiyo, mzee," Kadenge akasema, na mzee akaondoka.

Sasa, Tsuma alikuwa analia. Si kulia kwa aibu. Kwao mtu akiumia humwita mama yake, na Tsuma alimwita wake kwa nguvu zote, "Mayo wee, mayo wee," ijapokuwa mama mwenyewe alikwisha kufa zamani. Kila alipolia, Kadenge alimsikia baba yake. Hakuweza kusikia kitu kingine. Akamkimbilia Tsuma na mofini, sindano ya kwanza, na alipoona bado ananung'unika akamwongeza. Akamsafisha paja, akampangusa uso. Akimpita Molu alimwuliza mara moja, "Unaumwa?"

"Hapana," Molu akasema.

Na Kadenge, daktari msomi, mwanafunzi wa maumivu, akamsadiki. Hebu fikiria. Amekulia mto ule ule, amewaona Waorma tangu utotoni, anajua mwanamume wa Kiorma akiulizwa hivyo mbele ya watu atasema nini hata kama amekatwa miguu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyu maiti alikuwa hasemi.

Aliyesema ni mama yake. Kaltuma alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, mtoto mmoja amemwacha chini ya shuka kule malka, mwingine yuko mbele yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno.

"Daktari," akasema. "Wewe napa dawa mtu yenu kwanza. Mara mbili. Mtoto yangu hapana lia, basi hapana umwa?"

Barazani watu wakasogea kusikiliza jibu. Kadenge alimgeukia Molu, na kwa mara ya kwanza alimtazama. Shuka aliyoiuma meno ilikuwa imelowa. Vidole vilikuwa vimechimba mkeka mpaka ukakatika. Pumzi aliivuta kidogo kidogo, kama anayeonja uji wa moto. Kadenge aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Molu hakumwangalia yeye. Alimwangalia Tsuma kwenye kitanda cha pili. "Shukuru ubavu huu," alimwambia Tsuma polepole. "Huu ndio umenikalisha."

Kadenge aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Aliyachukulia kuwa ni majigambo ya mtu aliyeumia, basi. Akajaza sindano ya ganzi, akamwinua Molu kwa upole, akaanza kumchoma mgongoni, chini ya kila ubavu, kama alivyofundishwa. Alikuwa mwanafunzi hodari, hilo tumpe. Ubavu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Akafika wa chini, akasita.

Kaltuma alikuwa akimtazama. Baraza nzima ilikuwa ikimtazama. Tsuma amelala usingizini hana habari na dunia, amepewa yote, na huyu apewe nusu? Amwambie nini huyu mama, kwamba wa kwetu ametulizwa na wako nambakizia? Nani angemwelewa? Na zaidi ya hayo yote, niseme kweli, alitaka. Alitaka kuyaona maumivu yamekufa yote, hakuna lililobaki, kwa ajili ya yule mtu wa Golbanti aliyekufa mdomo wazi. Akachoma ubavu wa chini.

Hawakungoja sana. Molu alivuta pumzi ndefu, akashangaa, akavuta nyingine. Shuka ikamtoka mdomoni. Akajigusa ubavuni, akajibonyeza, akamtazama Kadenge kwa macho ya mtu aliyerudishiwa mali iliyopotea.

"Umefanya nini?"

"Nimeyaondoa."

"Yote?"

"Yote," Kadenge akasema, na alifurahi. Alifurahi sana. Kaltuma pale mlangoni aliinua viganja viwili akamwombea dua kwa Kiorma, na Kadenge akainama kuipokea, akarudi kwa Tsuma kumalizia kufunga paja huku akipiga mluzi wa nyimbo za misheni.

Nyuma yake Molu aliinuka, akasimama wima, akatoka barazani kwa miguu yake. Kadenge aligeuza kichwa akamwona. Alidhani anamfuata mama yake, aliyekwenda kisimani kumtekea maji. Alimwona mtu aliyeletwa juu ya punda akitembea, na alijisemea moyoni kwamba mzee Swaleh akirudi atayameza maneno yake. Watu wa barazani nao waliduwaa, wengine wakamkaribisha.

Kivuli kikaziba mlango. Kadenge aligeuka, na Molu alikuwa amesimama na mkuki alioutwaa kwenye rundo la barazani.

Tsuma naye alikuwa amefumbua macho. Mofini ilikuwa imemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliutazama mkuki ukimjia, akamtazama mwenye mkuki, na uso wake ukalainika.

"Karibu," akasema, kama kwamba amepata mgeni.

Molu akamchoma. Alilenga moyo, lakini Kadenge alimsukuma Tsuma kwa mikono yote miwili, na mkuki ukaingia chini ya mtulinga, kwenye bega, ukapita nyama, ukapita godoro, ukagonga sakafu. Damu ikamrukia Kadenge mdomoni. Tsuma hakulia. Yule aliyemwita mama yake asubuhi nzima sasa aliutazama mti wa mkuki uliosimama begani kwake na kuupapasa, ameshangaa ni kitu gani.

Kadenge akamrukia Molu shingoni. Molu alikuwa mkubwa kwake, amezoea kushindana na madume ya ng'ombe, akamtupa ukutani. Akarudi. Wakaanguka pamoja juu ya meza, chupa zikavunjika, wakagaagaa kwenye vioo na ganzi na damu. Watu wa barazani walikuwa wakisongamana mlangoni, hawa wakiwavuta wale, hakuna aliyepita. Molu aliushika tena ule mkuki akaung'oa begani kwa Tsuma kwa mvuto mmoja. Mara ya pili asingekosa.

Hapo ndipo Kadenge alipokumbuka ubavu. Alijua pale pa kupiga, alipajua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Akakunja ngumi akampiga Molu ubavu wa kushoto, chini, kwenye ule mfupa uliogeukia ndani. Ngumi hiyo ingemlaza tembo. Alisikia mfupa ukienda. Aliusikia mkononi mwake, ukizama.

Molu hakupepesa hata macho.

Akampiga tena, pale pale, kwa nguvu zaidi, na tena. Alikuwa akilia sasa, Kadenge, akipiga na kulia, akiyatafuta yale maumivu mwilini mwa mtu yule, akiyaomba yaje. Hayakuwamo. Aliyaondoa mwenyewe, yote.

Molu alimsukuma kando akanyanyua mkuki. Ulifika juu ukasimama. Akakohoa. Povu jekundu likamtoka, akalifuta kwa mgongo wa mkono, akalitazama. Akajaribu kuvuta pumzi ile ndefu aliyoifurahia muda mfupi uliopita, na haikuja. Mkuki ukamponyoka. Akakaa chini taratibu, mgongo kwenye kitanda cha Tsuma, miguu ameinyoosha.

Kadenge alimpigia magoti. Alimtoboa kifua kwa sindano nene kuitoa damu, ikatoka, ikaendelea kutoka, haikuwa na mwisho. Ncha ya mfupa ilikuwa imekwisha kupasua kila kilichokuwa mbele yake.

"Daktari," Molu akasema. Sauti ilikuwa ya kushangaa, haikuwa na hasira. "Hainiumi."

Ndilo neno lake la mwisho. Alikufa macho yakiwa yanamtazama Kadenge, kana kwamba anangoja aelezwe.

Mzee Swaleh alirudi akakuta umati umeizunguka dispensari ndogo ile, Waorma upande huu, wakulima upande ule, kila mtu amekwisha chukua silaha yake barazani. Alipita katikati yao bila kugusa mtu, akaingia, akatazama. Alikwenda kwanza kwa Tsuma, akaweka kidole shingoni. Yu hai. Akaziba bega lile kwa kitambaa na kulikaza. Halafu akamgeuza Molu, akaziona alama za sindano mgongoni. Mbavu nne, alama nne.

Hakumtukana Kadenge. Afadhali angemtukana.

"Mama yake amefika," alisema tu.

Kaltuma aliingia peke yake, mtungi wa maji angali nao kichwani. Aliuteremsha, akauweka pembeni usimwagike. Wanaume wa Kiorma walisimama mlangoni na mikuki yao, wakimtazama Kadenge, Mgolbanti, mtoto wa wakulima, aliyejaa damu ya mtu wao.

"Alilia?" Kaltuma akauliza.

"Hakulia, mama."

Wale wanaume waliliitikia jibu hilo kwa vichwa. Liliwatosha. Kadenge angeliacha hapo, na Molu angebaki shujaa na yeye angebaki daktari. Mzee Swaleh alikuwa ameinama akifunga bega la Tsuma, lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

"Hakulia kwa sababu nilimnyang'anya maumivu," Kadenge akasema. "Mzee aliniambia nimbakizie ubavu mmoja, umkalishe. Sikumbakizia. Nilitaka kukuridhisha wewe, nikajiridhisha na mimi. Akainuka. Nikampiga ngumi ili aumie aache, mfupa ukaingia ndani. Ni mimi, mama. Tsuma hakumgusa humu ndani."

Mlangoni mkuki mmoja ukainuka. Kaltuma alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkuki ukashuka.

Akapiga magoti kando ya mwanawe. Akaifungua shuka, akapitisha vidole juu ya mbavu zake polepole, mmoja mmoja, kutoka juu kuteremka, kama alivyokuwa akimpapasa alipokuwa mchanga na homa. Akafika wa chini. Kiganja chake kikazama pale ambapo hapakuwa na kitu cha kukizuia.

"Hii?"

"Huo, mama."

Aliuacha mkono wake juu ya shimo lile. Alipomtazama Kadenge hakukuwa na laana usoni mwake, na Kadenge angeipokea laana kwa mikono miwili.

"Ungeacha hii," akasema. "Angekaa."

Kisha akamwomba mzee Swaleh amsogezee ule mtungi wa maji, amwoshe mwanawe.